Aliyemrudisha Lameki

Nina kesi mkononi na sina hakimu. Hakimu ni ninyi. Kwa hiyo kaeni vizuri, zimeni simu, na mwenye kiherehere cha kujibu kabla sijamaliza ajizuie. Nitasema mambo yalivyotokea, bila kuongeza chumvi wala kumpendelea mtu. Mkisikia nampendelea mtu, nikateni kauli hapo hapo.

Walikuwepo watu watatu katika chumba kimoja cha Televisheni ya Uwanda, mjini Dodoma. Chumba chenyewe kidogo, kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kazi yao ilikuwa matangazo ya vifo. Kila jioni, robo saa kabla ya taarifa ya habari, familia zilizofiwa zilitangaza misiba yao: jina la marehemu, picha yake, siku ya maziko, na majina ya ndugu wanaopaswa kupewa habari. Msicheke. Kwenye nyanda zile mtu anaweza kukosa taarifa ya habari mwezi mzima asijali, lakini matangazo ya vifo hakosi hata siku moja.

Wa kwanza alikuwa Kandidi Haule, mhariri wa picha. Kipaji chake kilikuwa macho. Ulimletea picha iliyoliwa na mchwa, imekunjwa mara nne, imemwagikiwa chai, naye akakurudishia mtu mzima anayekutazama usoni. Mjane mmoja alimwambia, "Mwanangu, mume wangu hata alipokuwa hai hakuwa mzuri hivi." Lakini Kandidi alikuwa mwoga wa watu. Mfiwa akiingia chumbani, yeye hujificha nyuma ya kompyuta yake.

Wa pili alikuwa Mwasiti Jumbe, msomaji. Kipaji chake kilikuwa sauti. Alisoma jina la mkulima asiyejulikana hata kijiji cha pili, ukadhani taifa zima limepungukiwa. Watu walikuwa wakiusia kabisa: "Nikifa nisomwe na Mwasiti. Kama si zamu yake, nisubirishwe."

Wa tatu alikuwa Bi Sekela Mwaipopo, mtayarishaji wa kipindi na mkubwa wao. Huyu nitamweleza zaidi kidogo, si kwa upendeleo, ila kwa sababu safari yake ilikuwa ndefu. Alianza akiwa mwandishi wa habari, enzi ambazo kituo kilikuwa na kamera mbili, naye akibeba ya kwake begani kama mtu anayebeba gunia. Alitangaza mafuriko ya Kilosa akiwa amesimama majini hadi kiunoni. Alimuuliza waziri swali moja mara tano mpaka waziri akajibu. Kisha akawa mtayarishaji wa taarifa ya habari yenyewe, na hapo ndipo alipoharibiwa. Mkurugenzi, Bwana Rwiza, alimwambia aondoe habari ya tajiri mmoja aliyetiririsha maji machafu kwenye kisima cha watu. Akakataa. Habari ikatoka. Wiki iliyofuata akapewa barua ya kuhamishiwa matangazo ya vifo, miaka tisa iliyopita. Wenzake wakamcheka, wakamwita mama wa makaburini.

Bi Sekela hakulia wala hakuacha kazi. Alikipanga kile kipindi kama anavyopanga mtu nyumba yake. Aliweka kanuni mbili. Ya kwanza: hakitangazwi kifo mpaka apigiwe simu ndugu wa pili athibitishe. Ya pili: picha haiingii hewani mpaka aliyeileta aiguse kwa kidole, mbele ya macho yao, aseme, "Marehemu ni huyu." Kidole, si maneno. Na kipaji chake kilikuwa kimoja: alijua kumngoja mtu amalize. Mtu akinyamaza, yeye hakumtilia maneno mdomoni.

Sasa sikilizeni kosa.

Jumatatu moja, saa tisa alasiri, aliingia mzee anaitwa Hezroni Chilewa. Mponda kokoto. Nywele zake zilikuwa nyeupe, nyusi nyeupe, na ngozi imepasukapasuka kwa vumbi la mawe la miaka arobaini. Alikuwa amefiwa na kaka yake, Mwalimu Yoramu, ambaye mazishi yake yalipangwa Jumatano. Akatoa karatasi ya tangazo na picha moja ya zamani: yeye na kaka yake, wamesimama mbele ya kanisa siku ya harusi ya mtu.

"Mtakata wenyewe," akasema. "Mimi nawahi gari la mbao za jeneza. Likiniacha sina jingine."

"Mzee, kuna jambo la kidole," Kandidi akasema, lakini alilisema kwa kompyuta yake, hakuinua macho kuuona uso wa mzee. Mzee alikwishatoka.

Bi Sekela hakuwepo. Aliitwa juu kwa mkurugenzi kujadili rangi ya makoti mapya ya watangazaji. Naam, rangi ya makoti. Saa mbili nzima.

Kandidi akaitazama picha. Wazee wawili. Mmoja ana kichwa cheupe kama pamba, uso umechoka, mabega yameanguka. Wa pili amenyooka, nywele nyeusi tii, tai shingoni. Karatasi inasema aliyekufa ni kaka mkubwa. Kandidi akamkata mwenye mvi. Nani miongoni mwenu asingemkata yule? Asichojua ni kwamba Mwalimu Yoramu, kaka mkubwa kwa miaka minane, alikuwa akitia nywele zake rangi kila Jumamosi tangu alipostaafu, na jua la machimboni hakulijua. Aliyekufa ndiye alionekana kijana. Bi Sekela aliporudi amechelewa, alitia saini mkanda wa jioni bila kuuliza kidole kiligusa wapi. Kumbukeni hilo. Saini ilikuwa yake.

Ndivyo Kandidi alivyoweka kwenye skrini uso wa mtu aliye hai.

Sasa njooni kwa Mwasiti. Karatasi ya mzee ilikuwa imeandikwa na mkewe, Mama Lameki, kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama moja moja. Kwenye orodha ya ndugu wa kupewa habari, jina la mwisho lilikuwa Lameki Hezroni Chilewa, popote alipo. Na juu ya jina hilo ulipita mstari wa kalamu nyingine, mzito, uliochimba karatasi.

Lameki alikuwa mtoto wao wa kwanza. Miaka kumi na moja iliyopita, baba yake alimtuma machimboni, naye akatoroka kwenda kucheza mpira. Mdogo wake, Mika, akaenda badala yake. Jiwe likaporomoka. Siku ya msiba, baba, mbele ya watu, akamwambia Lameki, "Ungekufa wewe." Lameki akajibu, "Nitarudi siku ya kukuzika. Kabla ya hapo usinitafute." Akaondoka na nguo alizovaa. Hawakusikia habari zake tena, zaidi ya tetesi kwamba yuko Kahama.

Mwasiti hakujua lolote katika hayo. Alichoona ni jina na mstari. Kandidi akamwambia, "Hilo limefutwa, liruke."

"Limefutwa na nani?"

"Na mwenye tangazo. Kalamu si umeiona."

"Nimeiona. Aliyeandika ana mkono wa mama. Aliyefuta ana mkono wa hasira."

"Dada Mwasiti, sisi kazi yetu kusoma tu."

"Basi nasoma. Mbona linasomeka."

Na akalisoma. Saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, mbele ya nyanda zote, kwa sauti ile, polepole, majina yote matatu: Lameki Hezroni Chilewa, popote alipo. Hakuwa na ruhusa. Sitaki mtu aniambie alikuwa na ruhusa.

Huko Kahama, Lameki alikuwa fundi wa tairi. Mashine yake ya upepo ilikuwa inanguruma, televisheni ya duka la jirani inaonekana tu, haisikiki. Akainua macho akamwona baba yake kwenye skrini, ndani ya ule mstatili mweusi wanaowekwa marehemu. Akaiacha tairi, akakimbia kuzima mashine. Sauti ilipomfikia, tangazo lilikuwa limefika kwenye orodha ya ndugu. Akasikia jina lake.

Jirani mwenye duka alisimulia baadaye kwamba Lameki alikaa juu ya tairi akasema, "Wameniita." Akarudia. Kisha akauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

Nyumbani kwa Mzee Hezroni, jioni ile ile, palizuka kizaazaa. Alikuwa amekaa nje anakunywa uji, msiba wa kaka yake ukiwa nyumba ya pili, akaona kundi la wanawake linakuja linalia, limeshikana mikono.

"Nani tena?" akauliza.

Wakasimama. Mmoja akasema, "Wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye umekufa. Tumekuona kwenye televisheni."

"Mbona sijaambiwa?" mzee akasema, akaendelea na uji wake. Wapondaji wenzake walikuja na sururu zao, na mmoja, mtani wake wa Kinyamwezi, akauliza kwa heshima kama wachimbe makaburi mawili kabisa, maana watu wamekwishafika. Mzee akamrushia kikombe.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, mzee alikuwa mlangoni kwa Televisheni ya Uwanda kabla mlinzi hajavua koti la baridi.

"Nimekuja kuangalia maiti yangu," akamwambia. "Nasikia iko humu."

Sasa njooni kwa Bi Sekela. Simu zilikuwa zimeita tangu usiku. Bwana Rwiza alimwita na kumpa maagizo mafupi. "Weka maandishi chini ya skrini. Samahani kwa usumbufu. Yapite mara moja, saa saba mchana. Jina la mtu usitaje. Tukilikuza tutakuwa kichekesho cha nchi."

"Mkurugenzi, mtu tumemuua kwa uso mzima," Bi Sekela akasema. "Leo tumfufue kwa ukingo wa skrini?"

"Nimemaliza."

"Mimi bado."

Akashuka, akamsalimia mzee, akapiga goti. "Shikamoo, Mzee wangu. Kosa ni langu. Naomba uje ukae na mimi mbele ya kamera, watu wakuone unapumua."

"Marahaba. Nitakaa," mzee akasema. "Lakini nina maneno, na sitayapunguza."

"Usiyapunguze."

Kumbukeni Bi Sekela alikuwa hajaonyesha uso wake hewani kwa miaka tisa. Alijua akikaa kwenye kiti kile kinyume cha maagizo, huenda asikae kwenye kingine katika jengo lile. Alikaa. Saa saba mchana, mubashara, akasema: "Naitwa Sekela Mwaipopo. Mimi ndiye mtayarishaji wa matangazo ya vifo. Jana tulionyesha sura ya mtu aliye hai tukasema amekufa. Saini ilikuwa yangu, na sikuangalia. Mwenye sura ni huyu hapa."

"Aliyekufa ni kaka yangu, Yoramu," mzee akasema. "Mimi mnaniona. Na jambo la pili. Mlisoma jina nililolifuta."

Nyuma ya kioo, Bwana Rwiza alikuwa amefika kwenye chumba cha mitambo, anapitisha kiganja shingoni: kata, kata. Bi Sekela alimwona. Akamgeukia mzee.

"Ulilifuta kwa nini, Mzee wangu?"

Mzee akanyamaza.

Mnajua kwenye televisheni kimya kinaogopwa kuliko matusi. Sekunde tatu, watu wanadhani mitambo imeharibika. Nne, wanabadilisha chaneli. Bi Sekela hakusema kitu. Akaweka mikono yake mezani akangoja. Fundi wa kamera, kwa kuwa alifundishwa naye, hakuhama kwenye uso wa mzee. Zilipita sekunde kumi na tisa. Kumi na tisa, mkanda upo.

"Nilimwambia mwanangu neno ambalo baba hasemi," mzee akasema mwishowe. "Sikulifuta jina kwa hasira. Niliona aibu. Nilifikiri akilisikia jina lake kutoka kwangu, atalikumbuka lile neno." Akatazama mikono yake. "Kaka yangu anazikwa kesho saa nane. Jeneza lina pande mbili. Upande wa pili sina mtu."

Saa hiyo hiyo Lameki alikuwa Singida, stendi, basi limesimama ili abiria wale chakula. Alikuwa amempigia simu rafiki wa zamani wa machimboni kuuliza maziko ni saa ngapi, na rafiki akamcheka. "Baba yako? Mzima wa afya. Jana kanirushia kikombe. Aliyekufa ni baba yako mkubwa, televisheni wamekosea." Lameki akakata simu. Akapanda basini akashusha begi lake, akaanza kutafuta gari la kurudi Kahama. Aliyekuja kumzika baba yake hana la kufanya kwa baba aliye hai, ndivyo alivyojiambia. Na alijiona amedanganywa: kumbe hakuitwa, ni makosa ya watu wa televisheni.

Akapita mlango wa mgahawa, begi begani. Televisheni ilikuwa juu ya friji. Baba yake alikuwa kwenye skrini, amenyamaza.

Alisimama pale zile sekunde zote. Mhudumu alimuuliza mara mbili kama anakula wali au ugali. Baba yake alipomaliza kusema, Lameki akarudi mbio kwenye basi, na kondakta akamgombeza, "Wewe begi unashusha unapandisha, umechanganyikiwa?"

"Ndiyo," Lameki akasema.

Usiku ulimkuta Dodoma mjini; nyumbani alifika Jumatano asubuhi. Mzee alikuwa anasimamia kufungwa kwa hema. Akamtazama kijana mwenye ndevu aliyesimama kwenye njia.

"Umekula?" mzee akauliza.

"Nimekula, baba."

"Basi shika kamba hiyo. Fundo lao halishiki."

Hayo ndiyo waliyosemezana. Saa nane, Lameki alibeba upande wa pili. Mama yake alitembea nyuma amelishika pindo la koti la mwanawe, hakuliachia hadi makaburini.

Ingekuwa imeishia hapo, nisingewaita. Alhamisi, Bwana Rwiza aliwaandikia barua wote watatu: Kandidi kwa picha, Mwasiti kwa kusoma jina lililofutwa, Bi Sekela kwa saini na kwa kukaidi agizo hewani. Kazi imekwisha. Ijumaa asubuhi mzee, mkewe na mwanawe walikuja mjini kushukuru, wamebeba kuku na karanga, wakawakuta wale watatu kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja na boksi la vitu vyake.

"Mnahama?" mzee akauliza.

"Tunahamishwa," Mwasiti akasema. "Mzee, umefufuka sisi tukafa."

Mzee hakucheka. Akapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, hakubisha hodi.

"Watu hawa wamenirudishia mwanangu."

"Watu hawa walikutangaza maiti," Bwana Rwiza akasema. "Nchi nzima inanicheka."

"Aliyetangazwa maiti ni mimi au wewe?"

Bwana Rwiza akavua miwani. Si mtu mbaya sana, ila ana kiburi, na kiburi kilikuwa kimeumia. "Sikiliza, Mzee. Chumba kile siwezi kukifunga, watu wanakufa kila siku. Kuna watu wapya wanaanza Jumatatu, na lazima abaki mmoja wa kuwafundisha. Aliyekosewa ni wewe. Nitajie aliyekurudishia mwanao, nitachana barua yake. Mmoja. Ukisema wote, wote wanakwenda. Ukinyamaza, wote wanakwenda. Nitakaa hapa mpaka saa sita, kisha nitafunga ofisi."

Mzee akashuka, akawaambia watu wake pale ukumbini, wale watatu wakisikia, maana yeye hajui kuteta pembeni.

Lameki akasema, "Baba, ni huyu wa picha. Nisingeuona uso wako, nisingefunga begi. Jina peke yake ningelisikia ningesema ni baba mkubwa, Mungu amlaze, nikaendelea na tairi."

"Lakini alikosea," mzee akasema. "Mtu anapewa tuzo ya kukosea?"

"Alikosea, ndiyo. Na mimi nipo hapa."

Mama Lameki akasema, "Ni huyu binti wa sauti. Mimi niliandika jina la mwanangu, wewe ukalichimba kwa kalamu. Watu wote wangekutii wewe. Huyu alinitii mimi bila kunijua. Uso ungemleta mwanangu kuzika. Jina ndilo lilimwambia kwamba kuna mtu nyumbani anamtaka."

"Alisoma kitu alichokatazwa," mzee akasema.

"Na wewe ulifuta kitu ambacho hukukiandika, baba Lameki."

Mzee akamwonyesha Bi Sekela kwa kidole. "Mimi naona ni huyu mama. Mtoto alikwishageuza. Begi lilikuwa begani, anarudi Kahama. Picha ilikuwa imekwisha nguvu, na jina limekwisha nguvu. Aliyemgeuza njiani ni aliyeniuliza swali na kuningoja. Hakuna aliyewahi kuningoja."

"Lakini saini ilikuwa yake," Lameki akasema. "Angeuliza kidole, pasingekuwa na kosa."

"Na pasingekuwa na kosa, mwanangu," mama akasema, "wewe usingekuwepo hapa kubishana."

Hapo mzee akawageukia wale watatu. "Na ninyi semeni. Msijifanye watakatifu. Nani anataka kazi?"

"Naitaka," Kandidi akasema, na kwa mara ya kwanza hakujificha nyuma ya kitu. "Najua nilikosea. Sijui kazi nyingine, Mzee. Na nyuso za watu nimezirudisha nyingi. Uso niliokosea ni mmoja."

"Naitaka," Mwasiti akasema. "Ningesoma jina lile tena leo. Nisingeomba radhi. Kama kwa hilo sistahili, mpe mwingine."

Bi Sekela akaweka boksi lake chini. "Naitaka," akasema. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na sikuizunguka nchi hii na kamera begani ili nimalizie kwenye benchi. Hawa ni vijana, watapata pengine, mimi sipati. Lakini usinichague kwa kunihurumia, Mzee wangu. Ukinichagua kwa huruma nitairudisha barua mwenyewe."

Mlinzi akaangalia saa yake. Dakika nane kabla ya saa sita.

Sasa nawageukia ninyi, na nawaambia mapema: atakayesema wabadilishane zamu, au wamvamie mkurugenzi, au mzee akakate rufaa, huyo hajanisikia. Mlango ule unafungwa saa sita. Atakayesema asichague yeyote ili asimkosee mtu, ajue amewafukuza wote watatu kwa mkono wake huku anajiona mwema. Wa namna hiyo nawajua na siwapendi.

Wapo waliokwisha kunijibu huko nyuma. Fundi cherehani mmoja alisema Kandidi, kwa sababu bila mwanzo hakuna kitu. Binti yake aliyekuwa anapiga pasi akasema baba, basi tumshukuru na aliyepaka nywele rangi. Akaongeza kwamba anayestahili ni aliyefanya kwa kujua, na huyo ni Mwasiti. Mke wa fundi akawaambia wote wawili hawajawahi kumrudisha mtu aliyekwisha kugeuka, ndiyo maana hawamwoni Bi Sekela. Walilala hawasemezani.

Mimi sikuwepo saa sita ilipogonga, na aliyenisimulia alikataa kuniambia jina, akasema nijipime kwanza. Nimejipima. Kila asubuhi naamka na jina lingine.

Mzee Hezroni anapanda ngazi. Ngazi ni kumi na nne. Nyuma yake benchi lina watu watatu na maboksi matatu, kila mmoja amefanya sehemu ya kazi ya kumrudisha mtu mmoja nyumbani, na mtu huyo amesimama pale anawatazama, hajui amshike nani mkono. Mzee amefika mlangoni. Bwana Rwiza ameinua kichwa na kusema, "Haya, Mzee. Nani?"

Wewe uliyekaa hapo, vua viatu vyako uvae vya mzee. Ungetaja jina gani?